Niliambiwa nichome vitabu vya marehemu baba

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Baba yetu alifariki Kondoa Mfungo Nne (Muharram) uliopita. Nyumba yake imepangishwa, kwa hiyo vitabu vyake vyote vimeletwa kwangu Nkuhungu, hapa Dodoma, ninakoishi na mume wangu na watoto katika vyumba viwili. Kuna misahafu iliyochakaa, tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, vitabu vya fiqhi (sheria za ibada na maisha), Barzanji inayosomwa kwenye Maulidi, magazeti ya zamani, mpaka riwaya. Mchwa wameshaingia boksi la chini. Nataka kupunguza. Ustadhi mmoja jirani ameniambia nibakishe Qur'ani na tafsiri tu, vingine nichome, kwa kuwa vitabu vya Maulidi ni bidaa, yaani uzushi katika dini, na baba anaadhibiwa kaburini kwa muda wote vinapokaa ndani. Tangu siku hiyo silali. Warithi ni mama, kaka aliyeko Singida, mimi, na mdogo wetu wa kike anayesoma sekondari. Nifanyeje?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakaatuh. Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wetu na akupeni subira. Lako nimelitanguliza mbele ya maswali mengine kwa sababu ya hilo neno lako kwamba hulali.

Binti yangu, lala. Baba yako haadhibiwi kwa maboksi yaliyomo chumbani mwako. Mambo ya kaburini ni ghaibu, yaani yamefichika kwetu, na ghaibu haisemwi kwa kukisia. Aliyekwambia hivyo hana aya wala hadithi. Sisi tunasoma katika Surat Faatir, aya ya 18, kwamba hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine. Sasa maiti atabebeshwaje karatasi zilizowekwa na bintiye baada ya yeye kuzikwa? Kumtisha mfiwa kwa jambo kama hili ni dhulma, na ninalisema hili wazi ili jirani yako naye alisikie.

Wanaofutu kuchoma hutegemea kisa cha Sayyidna Uthman, khalifa wa tatu, radhi za Allah ziwe juu yake, aliyeamuru kurasa na misahafu mingine ichomwe. Kisa ni sahihi, Bukhari amekipokea, lakini wanakisoma nusu. Uthman aliogopa Waislamu wasije wakahitilafiana katika Kitabu cha Mola wao, akaazima kurasa za Qur'ani zilizokuwa kwa Bibi Hafsa, mjane wa Mtume, akaweka jopo la waandishi akiwemo Zaid bin Thabit, wakanakili. Walipomaliza, kabla ya moto wowote kutajwa, alizirudisha zile kurasa kwa Hafsa mwenyewe. Khalifa mwenye dola nzima mkononi amerudisha cha watu kwa mwenyewe! Ndipo akaamuru vilivyosalia vichomwe, kwa maslahi ya umma mzima. Kisa hiki kinatufundisha kwamba karatasi zenye maneno ya Allah zaweza kuchomwa kwa kuzihifadhi. Kuchoma urithi wa mayatima na mjane kwa kuwa jirani hapendi Barzanji hakumo.

Na hiyo Barzanji yenyewe, wanaoisoma na wasioisoma wote wamo katika safu moja hapa Dodoma na huko Kondoa. Wanazuoni wamehitilafiana katika kusoma Maulidi, na asiyeona kufaa asisome, hakuna wa kumlazimisha. Lakini ndani ya kitabu hicho mna majina ya Allah na salawati za Mtume wake, na kukitia moto kwa chuki ni kukosa adabu. Kitabu kinachoangamizwa ni cha ramli na uchawi. Ukikuta cha namna hiyo kiteketeze, usikiuze wala kukigawa.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo hukuliuliza, nalo ndilo kubwa. Vitabu hivi si vyako peke yako. Ni mirathi, sawa na shamba na mbuzi. Ikiwa wazazi wa marehemu walishatangulia, mama yenu ana thumni yake, yaani sehemu moja ya nane, kinachobaki kaka yako anapata mafungu mawili, wewe moja, mdogo wako moja. Kwa hiyo hata kuvitoa sadaka kwa niaba ya baba hakufai mpaka wenzako waridhie. Mpigie kaka yako. Mdogo wenu naye aulizwe, asiamuliwe mambo kwa kuwa ni mtoto wa shule. Na kama hajabaleghe, fungu lake halitolewi sadaka na yeyote.

Kabla ya kugawa, pekua kila kitabu. Fungua jalada la mwanzo. Ukikuta jina la mtu mwingine, hiyo ni amana, irudi kwake au kwa warithi wake. Ukikuta muhuri wa msikiti au madrasa, au limeandikwa neno wakfu, hicho hakirithiwi wala hakiuzwi, kirudi kilikotoka. Kisha pindua kurasa. Wazee wetu huweka kitabuni stakabadhi, hati ya shamba, hata kikaratasi cha deni, na deni hutangulia mirathi.

Misahafu iliyochakaa isiyosomeka, izike mahali safi pasipopitwa na watu, au ichome mpaka iwe majivu matupu, kisha majivu yafukiwe. Baadhi ya wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wamechukia kuchoma, kwa hiyo kuzika kunaniridhisha zaidi, ila uwanja wa nyumba za kupanga haufai. Peleka kwenye shamba lenu. Inayosomeka usiiuze, mpe anayesoma. Vitabu vingine kuviuza ni halali, na riwaya peleka shuleni.

Magazeti yaangalie kwa makini. Yenye aya usiwauzie wanaonunua karatasi kwa kilo, kwani kesho utakutana na Bismillahi imefungiwa karanga stendi, ina mafuta ya vitumbua, mtu anakula karanga na kuitupa karatasi mtaroni.

Wala vitabu usiviache kwenye dirisha la msikiti usiku na kuondoka. Misikiti yetu imejaa vitabu vilivyotelekezwa hivyo, vinakula vumbi la kiangazi hapo mpaka vinasambaratika, na imamu hana pa kuviweka. Nenda madrasa, muulize mwalimu anasomesha nini. Akisema anasomesha Safina, kile kitabu cha fiqhi cha wanaoanza, mpe Safina. Kitabu kikipata mwanafunzi wa kukisoma, nataraji kwa Allah kiwe katika ile elimu yenye kunufaisha ambayo Mtume, rehema na amani zimshukie, ametaja kuwa thawabu zake hazikatiki kwa mauti.

Huhitaji kumaliza leo. Hilo boksi la chini lenye mchwa litoe nje kesho asubuhi, uvianike vitabu kivulini, vingine vingoje mama aje. Mkalishe kitako, mfungulie maboksi yeye kwanza. Na ukikuta kitabu ambacho baba ameandika pembeni kwa mkono wake, tarehe aliyokihitimu au jina la sheikh aliyemsomesha, waombe wenzako kibaki kwenu. Nafasi ya kitabu kimoja haikosekani katika vyumba viwili, na wanao wakikua watataka kuona mwandiko wa babu yao.

Wallahu aalam.