Maswali ya wasomaji: Mbona biti yangu iko kama roboti?

SWALI: Shikamoo kaka. Niko Mbagala, natengeneza biti kwa FL Studio kwenye laptopu. Vile vyumba 16 najaza vizuri tu, kiki (ngoma nzito) ya 1 na 9, sneya (ngoma kali) ya 5 na 13, haihati (vile visahani) mwanzo mwisho, ila ikipigwa imekauka kama roboti. Washkaji wanasema nitafute hela ninunue MPC, ile mashine ya kutengenezea biti, ndo itakaa. Kweli?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hela iache kwanza hapohapo. MPC ni mashine nzuri mno na raha yake iko kwenye pedi, unapiga kwa vidole, lakini ukiipangia stepu zilezile (ndo hivyo vyumba vyako) kwa nguvu ileile utapata ukavu uleule.

Anza na haihati, maana hapo ndo biti nyingi za vijana zinafia. Nguvu ya kila pigo inahesabiwa mpaka 127, na wewe zote umeziacha sawa. Fungua ile grafu ya velositi, yaani hiyo nguvu, stepu ya 1, 5, 9 na 13 ziache juu kwenye 100 hivi, zile za katikati, yaani 3, 7, 11 na 15, shusha 70, zilizobaki peleka 45, afu ongeza sneya moja ndogo sana stepu ya 8, iwe 30 tu, mtu asiisikie ila ukiitoa aone kuna kitu kimepungua. Usiongeze sauti nyingine yoyote mpaka hapo pamekaa.

Halafu swingi. Huyu Roger Linn wa Marekani aliiweka kwenye mashine yake ya ngoma, LM-1, mwaka 1980, baadae akaja nayo kwenye MPC60 ya Akai mwaka 1988, na ule utamu watu wanaousifia kwenye MPC sehemu kubwa ni hesabu hiyo: stepu za namba shufwa zinacheleweshwa kidogo. Kwa tempo ya 100, yaani mapigo 100 kwa dakika, kila stepu ina milisekunde 150, ukiweka swingi ya asilimia 58, yaani stepu ya kwanza ichukue asilimia 58 ya muda wa stepu mbili, ile ya pili inachelewa milisekunde 24, basi, na kichwa kinaanza kutikisika chenyewe. FL nayo ina slaidi ya swingi pale juu ya chanelo, isukume taratibu huku unasikiliza. Kwa singeli sahau hii habari, ukishafika tempo 200 stepu ni milisekunde 75 tu, pale cheza na nguvu za mapigo na kukatakata sampo (vipande vya sauti).

SWALI: Nataka kuiga ngoma ninazozisikia kwenye sherehe kwetu Temeke, zinahesabika tatu-tatu, kwenye vyumba 16 zinagoma kabisa. Nifanyeje? – Msomaji, Temeke

JIBU: Zitagoma tu, usizilazimishe. Mzunguko wa vyumba uishie stepu ya 12, kila pigo kuu lichukue stepu 3 badala ya 4, mashine nyingi zinakuruhusu kuchagua stepu ya mwisho. Angalia tempo lakini, kama ulitaka mwendo wa 100 basi andika 75, la sivyo itakimbia. Kiki weka 1, 4, 7 na 10, afu ngoma ndogo ipige 1, 3, 5, 7, 9 na 11 juu yake, hapo utasikia mbili na tatu zinavutana. Kama kuna mpigaji mtaani kwenu mrekodi hata kwa simu, upate sauti ya ngozi yenyewe, hizi za kwenye programu hazijawahi kuifikia.