Barua kwa mwanangu: mbunge wa upinzani atangulize nini

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili. Umeuliza kwa nini rafiki yako anayetaka kugombea ubunge kwa tiketi ya upinzani ajisumbue kuandika vipaumbele vya sheria, ilhali kura za chama chake Bungeni hazitatosha kupitisha chochote. Nakujibu kama mama, na kama mwalimu niliyefundisha somo la uraia hapa Kigoma hadi nilipostaafu.

Kwanza aisome ibara ya 99 ya Katiba. Muswada wa kuongeza kodi, au wa kutoa fedha katika Mfuko Mkuu wa Hazina, Bunge haliushughulikii mpaka Rais awe amependekeza na Waziri ameuwasilisha. Kwa hiyo akiwaahidi wazee wetu kwamba atapeleka muswada wa kuwalipa pensheni wote, atakuwa anawaahidi jambo lisilo mikononi mwake, nami sitapenda awafanyie hivyo.

Kilicho mikononi mwake ni maswali, kamati na hoja binafsi, na hapo ndipo ninapokumbuka Agosti 2007. Zitto Kabwe, wakati huo mbunge wetu wa Kigoma Kaskazini kupitia CHADEMA, alitoa hoja kwamba iundwe kamati teule ya kuchunguza mkataba wa mgodi wa dhahabu wa Buzwagi, ambao Waziri wa Nishati na Madini alikuwa ameutia saini London. Hoja ilikataliwa, naye akasimamishwa vikao hadi Januari 2008. Siku ile nilikuwa sokoni Mwandiga, na wanawake wauza dagaa walikuwa wameizunguka redio moja ndogo. Mmoja wao akanigeukia akaniuliza mrabaha ni kitu gani. Nikamwambia ni fungu ambalo mgodi huilipa Serikali kwa madini unayochimba, nikamwonyesha kwa dagaa wake: katika kila visado mia, Serikali ilikuwa inachukua vitatu, tena baada ya mwenye mgodi kuondoa kwanza gharama zake za kusafirisha na kusafisha. Alinyamaza, akautazama mzigo wake kwa muda mrefu.

Swali lake likawa swali la nchi nzima. Novemba mwaka uleule Rais Kikwete aliunda kamati ya madini chini ya Jaji Mark Bomani na kumweka humo Zitto mwenyewe, na Sheria ya Madini ya 2010 ikapandisha mrabaha wa dhahabu kutoka asilimia 3 hadi 4, ukikokotolewa kwa thamani ghafi, yaani kabla ya gharama kutolewa. Sheria hiyo ililetwa na Serikali na kupitishwa na wabunge wa chama tawala, lakini mimi najua hoja ilianzia wapi.

Kuhusu kamati nitasema machache tu: aombe ile ya Hesabu za Serikali, ambayo mwaka 2014, ikiongozwa na upinzani, ilifikisha Bungeni sakata la Escrow, yaani la fedha zilizochotwa katika akaunti ya Tegeta Escrow iliyokuwa Benki Kuu.

Kwa hiyo rafiki yako asikuletee orodha ya mambo ishirini. Mwambie achague moja, aitafute mikataba na taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu zinazolihusu, kisha aende kulieleza sokoni kwa lugha ya wauza dagaa kabla hajalipeleka Dodoma. Akishalichagua, niandikie ni lipi, nami nitamtafutia vifungu vinavyolihusu.

Mama yako akupendaye