Hesabu tarakimu kwanza, vigawo baadaye

Achana na hiyo lahajedwali sasa hivi, mkuu. Umeuliza kama 147573952589676412927 ni namba tasa, na ina vigawo vingapi. Halafu unasema seli imeshakuonyesha kwamba inagawanyika kwa 3. Haigawanyiki! Jumlisha tarakimu zake kwa mkono: 109. Sasa jumlisha za ile iliyo kwenye seli, 147573952589676000000: 84. Hizo ni namba mbili tofauti. Programu imeshika tarakimu 15 za mwanzo, zilizobaki imezigeuza sifuri, na haikukuambia kitu.

Hilo lilinila wiki tatu nzima. Nilikuwa na 2305843009213693951, yaani 2 kwa kipeo cha 61, toa 1. Nikaiandika, seli ikaonyesha 2.30584E+18. Nikaipanua, nikabadili muundo, ikatokea 2305843009213690000. Sifuri nne mwishoni, na sikushtuka. Nikaanza kuorodhesha vigawo: 2, 4, 5, 8, 10, 16... Daftari likajaa, ripoti ikaandikwa, nikaiwasilisha. Msomaji wa kwanza akauliza swali moja tu: namba inayoishia na 1 inagawanyikaje kwa 2? Namba yenyewe ni tasa, mwanahisabati Pervushin alishathibitisha tangu 1883. Vigawo vyake ni viwili, 1 na yenyewe, basi.

Na aliyenifundisha alinihakikishia, "We andika tu, kompyuta haikosei hesabu." Mpaka leo inaniuma. Angeongeza sentensi moja, kwamba seli hubadilisha namba ndefu kabla hujaanza hata kuigawa, ningeokoa wiki zangu tatu.

Kwa hiyo shika hili: kabla ya kuuliza lolote kuhusu namba kubwa, hesabu ina tarakimu ngapi, tazama ya mwisho, kisha tafuta baki ukiigawa kwa 9. Kila unapoihamisha, rudia. Kwenye seli iweke kama maandishi. Hesabu zenyewe fanya kwa Python, lugha ya kuandikia programu, inabeba namba nzima ya urefu wowote, ila gawanya kwa // na si kwa /, maana hiyo ya pili inakurudisha kwenye desimali na tarakimu zinapotea tena.

Yako ni 2 kwa kipeo cha 67, toa 1. Mwanahisabati Mersenne mwaka 1644 aliitaja kuwa tasa. Lucas akaonyesha mwaka 1876 kwamba si tasa, bila kupata kigawo hata kimoja. Cole ndiye aliyevitoa, 1903: 193707721 × 761838257287. Usiniamini, pima: tarakimu za mwisho 1 × 7 ni 7, sawa. Jumla za tarakimu ni 37 na 64, zote zinabakiza 1 kwa 9, 1 × 1 ni 1, na 109 nayo inabakiza 1. Vigawo vinne basi: 1, hivyo viwili, na yenyewe.

Ukishaibadilisha kuwa maandishi, tuma picha ya hiyo seli nione 412927 imerudi mwishoni.