Shangazi, mume wangu ni Namba Tano lakini hataki kukubali

Shikamoo Shangazi.

Mimi ni mwalimu wa hesabu shule ya msingi hapa Morogoro. Nina miaka 37, ndoa yetu ina miaka 11 na watoto wawili. Mwezi wa pili nilikwenda semina ya wanandoa parokiani. Mume wangu alikataa kuja. Huko tukafundishwa Eneagramu, kwamba watu wapo wa aina tisa. Iliposomwa Namba Mbili, Msaidizi, nililia, Shangazi. Ni mimi mtupu. Mimi ndiye ninayekumbuka dawa za mama mkwe, mimi ndiye wa kwanza kufika kila msiba, na hakuna anayeniuliza kama nimekula.

Mume wangu ni mhasibu. Akirudi anakula, anashukuru, kisha anaingia chumba cha nyuma kutengeneza redio zake za zamani mpaka saa tano usiku. Siku moja amelala nikachukua simu nikamjazia kile kipimo. Akatoka Tano, Mchunguzi, mtu wa kujifungia na kutunza nguvu zake. Nikamwambia, akacheka. Basi kila akinyamaza namwambia, "Utano wako huo." Siku ya Pasaka, mbele ya wadogo zake, akainuka mezani kwenda kwenye redio. Nikashindwa kujizuia. Nikasema kwa sauti kwamba nimeolewa na Tano, mama yao ni Nane mbabe, binti yetu ni Nne wa kulialia, na wote nawabeba mimi. Mume wangu akasema: "Kama namba yangu umeshaijua, mimi mwenyewe wa nini tena?" Tangu siku hiyo tunaongea ada na Luku tu.

Nifanyeje akubali kujifanyia kipimo mwenyewe? Na je, Mbili na Tano wanapatana?

Mwalimu, Morogoro

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama palepale: usiku, mwenzio amelala, na wewe umekaa na simu unajibu maswali kwa niaba yake. Wewe ni mwalimu. Mwanafunzi akimfanyia mwenzake mtihani, alama unampa nani? Yale majibu yote yalitoka kwako. Kilichopimwa usiku ule ni jinsi unavyomwona mumeo, na hilo nalo ni jambo la maana kulijua, lakini mumeo hayumo humo.

Sikuandikii ili kuidharau Eneagramu. Niliifahamu miaka mingi iliyopita kwenye mafungo, na imenisaidia kuona mambo kwangu ambayo nisingeyaona mwenyewe. Ila nataka uelewe inafanyaje kazi, maana hapo ndipo ulipoteleza. Haihesabu matendo ya mtu. Inatafuta kinachomsukuma atende: anaogopa nini, anatamani nini, anajitetea vipi. Na kinachomsukuma mtu hakionekani kwa aliyekaa upande wa pili wa meza, hata akiwa mke wa miaka 11.

Chukua huo ukimya wa mumeo. Mtu wa Tano hunyamaza kwa sababu anahisi dunia inamdai kuliko alichonacho, hivyo anatunza muda na nguvu zake kama mtu mwenye maji ya ndoo moja wakati wa kiangazi. Mtu wa Tisa naye hunyamaza, lakini yeye anakimbia ugomvi. Atakubali kila kitu mezani, halafu hatafanya hata kimoja. Mtu wa Nne atanyamaza na kuondoka akitamani kwa moyo wote umfuate umuulize ana nini. Wa Moja hunyamaza akiwa amebana hasira meno kwa meno, kwa kuwa anaamini mtu mwema hakasiriki. Wote hao ukiwatazama kutoka sebuleni ni mwanamume mmoja aliyeinama juu ya redio. Na kuna ukimya usio na namba kabisa: wa mwenye deni asilojua aliseme vipi, wa aliyefiwa, wa mtu aliyechoka.

Mume wangu marehemu nilimhesabu mwenye kiburi kwa miaka mingi, kwa sababu usiku nikimweleza jambo hanijibu. Mpaka alipopelekwa hospitali kwa tatizo lingine ndipo tukaambiwa sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa siku nyingi. Upande wa kushoto ndiko nilikokuwa nalala mimi. Nimeishi na hilo mpaka leo, na ndiyo maana ninakuwa mkali kidogo ninapoona mtu anahukumiwa kwa alivyonyamaza.

Ukiangalia elimu hii ilikotoka utaona haikutengenezwa kwa kupigiana majina. Ule mchoro wa duara lenye nukta tisa ulifundishwa mwanzoni mwa karne ya 20 na George Gurdjieff, mzaliwa wa Armenia, na yeye hakuutumia kugawa watu kwa tabia. Aliyezipanga tabia tisa juu ya duara hilo ni Oscar Ichazo wa Bolivia. Mwaka 1970 daktari wa magonjwa ya akili kutoka Chile, Claudio Naranjo, alikwenda kujifunza kwake katika mji wa Arica, kaskazini mwa Chile, kisha akaja kuyafundisha kwa kikundi kidogo huko Berkeley, California. Aliwataka wanafunzi wake waahidi kutoyatoa nje. Hayakufichika. Padri Mjesuiti mmoja, Robert Ochs, aliyapeleka Chicago, na kwa mikono ya mapadri na masista yakaingia kwenye nyumba za mafungo na za malezi sehemu nyingi za dunia. Kwa miaka yote hiyo yalikuwa mambo ya mtu kukaa na mlezi wake na kujichunguza taratibu, kwa miezi. Kipimo cha dakika kumi kwenye simu ni jambo la juzi tu.

Na nikwambie wazi: wanasaikolojia watafiti hawaihesabu Eneagramu kuwa kipimo imara cha tabia. Wengi wao hutegemea zaidi mfumo wa sifa kuu tano, ambao haumwiti mtu kwa namba yoyote. Unaangalia kila sifa anayo kwa kiasi gani. Kwa hiyo ukiniuliza kama mumeo "ni" Tano kama ambavyo damu yake ni kundi O, jibu ni hapana. Hakuna maabara ya kulithibitisha hilo. Namba hizi ni lugha ya kujisemea ukweli, na zinafaa pale tu mtu anapojisemea mwenyewe.

Sasa tuje kwako, maana barua ni yako.

Kila namba ina udhaifu wake mkuu. Ukivihesabu utakuta ni vile vichwa vya dhambi saba ulivyokariri kwenye katekisimu, vikaongezwa viwili, woga na udanganyifu, ili vitimie tisa. Udhaifu wa Tano ni uchoyo: uchoyo wa nafsi yake, muda wake, maneno yake. Huo uliushika haraka. Wa Mbili ni upi? Sijui kama mwezeshaji wenu alifika hapo au muda ulikwisha. Ni kiburi.

Usikasirike, nisikilize. Si kiburi cha kujivuna na nguo. Ni kile cha kuamini kwamba wote wananihitaji mimi, na mimi simhitaji yeyote. Mbili hujua shida ya kila mtu kabla hajasema, isipokuwa yake. Anatoa, anatoa, na kila anachotoa kina daftari la madeni ambalo hajamwonyesha mtu. Mwenzake hajui kama anadaiwa. Siku ya kudai inapofika, inafika na miaka 11 kwa mkupuo. Wazee wetu walisema tenda wema uende zako. Wewe, mwanangu, umekuwa ukitenda wema na kukaa pale pale mlangoni ukingoja, na hukumwambia mtu kwamba unangoja.

Kwa kuwa unafundisha hesabu, chukua chaki ugawanye moja kwa saba. Utapata 0.142857, halafu tarakimu zinajirudia bila kwisha. Ile mistari ndani ya duara mliyochorewa inafuata mpangilio huohuo: Moja huenda Nne, Nne huenda Mbili, Mbili huenda Nane, Nane huenda Tano, Tano huenda Saba, kisha Saba hurudi Moja. Tatu, Sita na Tisa wana pembetatu yao. Walimu wa Eneagramu wanasema mtu akibanwa sana hufuata mstari huo na kuchukua sura mbaya ya namba inayofuata. Mbili akielemewa anakuwa Nane: sauti juu, lawama, kuwapanga watu kwenye mstari na kumpa kila mmoja hukumu yake. Soma tena ulivyoandika kuhusu Pasaka. Ukiwa na utulivu, wanasema, Mbili hurudi nyuma hadi Nne, yaani anaanza kukiri kwamba naye ana huzuni, ana njaa, ana haja zake. Nne huyohuyo uliyemtukana nayo binti yako.

Hapo sitakuachia. Mtoto usimpe namba. Mlezi yeyote makini wa elimu hii atakwambia nafsi ya mtoto bado inajitengeneza. Ukimwita "Nne wa kulialia" mbele ya baba zake wadogo, umemshonea vazi, na watoto hukua ili wajae kwenye mavazi tuliyowashonea. Kaa naye umwambie mama alikosea. Mama mkwe naye, kabla ya kuwa Nane, ni mama mzazi wa mumeo. Hilo lipitie kimya kimya kwa matendo, usilifufue kwenye kikao.

Tena kuna jambo ningependa ulipime polepole. Inawezekana wewe hata Mbili si. Wasichana wengi wa kwetu tumelelewa kuinuka mgeni akiingia, kula mwisho, na kusifiwa kwa kutochoka. Mwanamke aliyelelewa hivyo akijaza kipimo, Mbili itapanda tu, hata kama moyoni ni Sita anayehudumia kwa hofu ya kuachwa bila ulinzi, au ni Tisa asiyejua kusema hapana. Sitaki kukupokonya machozi yako ya semina. Yalikuwa ya kweli. Ila huenda yalitokana na kule kusikia, kwa mara ya kwanza, mtu akisema hadharani kwamba unachoka.

Umeuliza ufanyeje ili akubali kipimo. Acha. Futa yale majibu kwenye simu, na neno "Utano" lisitoke tena kinywani mwako. Akija siku moja akasema anataka kujua, mpe maelezo ya namba zote tisa ayasome mwenyewe, na atakayoichagua iwe hiyo, hata kama utaona amekosea.

Kisha mwombe radhi, na iwe mbele ya waliosikia. Ulimvunjia heshima mbele ya wadogo zake, kwa hiyo ukimnong'oneza chumbani haitoshi. Wapigie mashemeji simu wakiwapo nyumbani siku moja, au muwakaribishe, na useme kwa maneno machache: "Siku ya Pasaka nilimsema kaka yenu vibaya. Nilikosea." Usiongeze "lakini". Najua hilo "lakini" litakuja mpaka ulimini. Limeze.

La tatu ndilo gumu zaidi kwako: jifunze kuomba. Umeniandikia kwamba hakuna anayekuuliza kama umekula. Je, umewahi kumwambia, "Baba nanihii, leo nimechoka, kaa nami nusu saa kabla ya redio"? Umwambie asubuhi, apate mchana mzima wa kujiandaa, na useme nusu saa iwe nusu saa kweli, dakika thelathini zikiisha umwachie. Kama kweli yumo Utano ndani yake, hakuna kitakachompa amani kama kujua ombi lina mwanzo na mwisho. Kama hayumo, bado ni ombi jema la mke kwa mume. Anza na moja kwa wiki. Akikataa utaumia, na utataka kurudi kwenye kutoa kimyakimya, maana kule hakuna anayeweza kukukatalia. Omba tena wiki inayofuata.

Na kama mtaongea kisha ukagundua chini ya ukimya huo kuna kitu kizito, deni, ugonjwa, mtu mwingine, niandikie upya au mwendeeni mshauri wa ndoa mnayemwamini. Hapo namba hazitasaidia.

Mbili na Tano wanapatana? Wapo waliozeeka pamoja, na wapo walioshindwana, kama ilivyo kwa jozi nyingine zote. Mumeo anakula chakula chako na kushukuru kila siku kwa miaka 11. Umeliandika mwenyewe na ukalipita haraka. Mimi nililirudia.

Jioni ya leo, gonga mlango wa chumba cha nyuma. Najua mkono wako utatafuta kikombe cha chai cha kuingia nacho. Kiache jikoni. Ingia mikono mitupu, uombe radhi, na kama atakuonyesha redio anayoitengeneza, kaa uiangalie.

Shangazi