Makuruta wa zimamoto, kitambi kinamaliza hewa ya mtungi

Wadogo zangu mliotoka depo juzi mkapangiwa vituo hapa Dar, sa hivi mko fiti kweli, ila mwaka wa pili wa tatu kuna kitu kinakuja kimyakimya, mi kilinikuta.

Kazi yetu ni kusubiri afu ghafla kukimbia. Zamu ya usiku njaa inauma saa saba, kilicho wazi nje ni chipsi mayai na soda, unakula unajilaza, kengele inalia, kesho hivohivo. Usingizi ukikatika kila siku mwili unaacha kuitikia insulini vizuri, sukari inabaki kwenye damu, mafuta yanajaa tumboni na hausikii maumivu yoyote yani.

Mi nlijua kwenye ngazi. Ghorofa moja Kariakoo, moshi mzito, gia ya kujikinga na moto na mtungi wa hewa wa mgongoni tu ni kilo 20 na zaidi hapo mpira wa maji hujashika, tumeingia na mwenzangu mitungi imejaa sawa, wa kwangu filimbi ya kuonya hewa inaisha ikalia mapema ye bado ana hewa ya kutosha, ikabidi tutoke wote maana hatumwachi mtu ndani peke yake. Liliniuma sana lile. Moyo na misuli vikiwa vimechoka kwa ndani unahema harakaharaka, hewa inaisha. Na joto letu hili la Februari jasho halikauki, mafuta ya mwilini nayo yanazuia joto kutoka, moyo unabebeshwa mara mbili. Marekani kwa miaka mingi kinachoongoza kuua wazimamoto kazini ni moyo kusimama, sio kuungua.

Tafuteni tepu ya fundi cherehani. Mwanaume kiuno kikizidi sentimita 102, mwanamke 88, hapo pima na presha (130/85 kwenda juu ni shida) na sukari kabla ya kula, ikifika 5.6 mmol/L anza kushtuka. Mi kiuno kilikua 106.

Chakula bebeni cha nyumbani kwenye hotpoti, maharage, dagaa, mboga za majani, na maji badala ya energy. Ngazi pandeni na mtungi mgongoni hata mara mbili kwa wiki, kukimbia barabarani peke yake hakutoshi.

Na presha ikikutwa juu usifiche kwa kuogopa kutolewa kwenye kikosi cha gari la zimamoto, mwambie mkuu wa zamu siku hiyohiyo. Mi nlificha miezi minne, na muda wote huo kuna watu walikua wananitegemea mlangoni.