Sandwichi Ndogo za Nyama na Jibini Zisilowane

SWALI: Mhariri wa mapishi, natarajia wageni 30 katika kipaimara cha binti yangu. Niliwahi kuandaa sandwichi ndogo za moto za nyama ya ng'ombe na jibini, lakini mikate ililowana kabla wageni hawajala. Nilikosea wapi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Dada mpendwa, hongera kwa sherehe ya binti. Kinacholowanisha mkate ni maji ya nyama, kwa hiyo kaanga kilo 2 za nyama ya kusaga pamoja na vitunguu, tangawizi na pilipili manga hadi maji yakauke kabisa na usikie mafuta yakichatachata sufuriani. Kisha uiache ipoe kidogo. Kiasi hicho kinatosha skonzi 60, yaani 2 kwa kila mgeni.

Kata skonzi katikati, paka siagi ndani, uzibanike upande huo hadi zipate rangi ya kahawia. Tandaza jibini chini na juu ya nyama, kwa kuwa ikiyeyuka huukinga mkate na kuishika nyama isidondoke kwenye nguo za sherehe. Mimi hupendelea cheddar ya kukwaruza, yenye ladha kali kuliko ya vipande laini. Oka kwa nyuzi 180, dakika 10 ukiwa umefunika kwa foili na 5 ukiwa umefunua.

Nahisi kosa lilikuwa kwenye hotpoti: mvuke hugeuka matone chini ya kifuniko na kuudondokea mkate. Tandika kitambaa safi na kikavu chini ya kifuniko, au uoke kwa awamu wageni wakiwa wameshaketi.