Mshauri nasaha Mkristo mwenye ofisi yake Mwanza: watu wa kukushika mkono utawapata wapi

Mdogo wangu, umesema wewe ni mshauri nasaha, umeokoka, umefungua ofisi yako binafsi hapa Mwanza, huu ni mwezi wa nane sasa, na upweke umeanza kukuzidi, ukauliza jumuiya ya Kikristo ya kukushika mkono utaipata wapi. Kanisani wanaona unafanya kazi ya mchungaji kwa kulipisha watu. Wenzako wa taaluma nao wakijua unaomba kabla ya kuanza kazi wanakuona kama hukuelewa ulichosomea. Wengi waliokujibu wamekwambia ujiunge na kikundi cha maombi. Mimi nina miaka kumi na moja kwenye kazi hii, ofisi yangu iko Kirumba, na ni kwenye kikundi cha maombi nilikompoteza mteja. Naomba univumilie, nitaandika kwa urefu.

Ulikuwa mwaka wangu wa pili. Nilikuwa na mama mmoja anayepitia jambo zito nyumbani kwake (maelezo nimeyabadilisha, na kila nitakapolisimulia nitayabadilisha). Siku ya kikao chake nilikuwa nikirudi nyumbani siwezi hata kuwasha jiko, nakaa tu kitandani na viatu miguuni. Alhamisi moja tukiwa kwenye maombi nyumbani kwa dada mwenzetu, zamu ya kutaja mahitaji ikanifikia. Nikasema niombeeni, nina mtu ninayemhudumia, mumewe amefanya hivi na hivi, wana watoto watatu, wa mwisho anaumwa. Jina sikulitaja, nikajiona nimetunza siri. Dada aliyekaa karibu na mlango ndiye aliyekuwa akiandika mahitaji kwenye daftari. Kalamu yake ikasimama. Akaniangalia, halafu akayarudisha macho chini haraka. Nikajua hapo hapo.

Mwanza ni jiji, lakini ukishasema kazi ya mume na idadi ya watoto, kuna mtu pale mkekani anauza duka jirani nao. Wiki iliyofuata yule mama hakuja. Nikapiga simu ikaita mpaka ikakata. Siku ya tatu akaniandikia ujumbe: "Dada, asante kwa maombi yenu." Sikumwona tena. Kuna siku nikipita Mwaloni kwenye vichanja vya dagaa nikaona mwanamke ana umbo kama lake, moyo unaruka.

Wale akina dada walinipenda na bado wananipenda, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na nia mbaya. Kosa lilikuwa langu, nilipeleka mahali pa maombi kitu ambacho hakikuwa changu kukipeleka. Uchovu wangu, hofu yangu ya kodi, ndoa yangu, hayo ni yangu, na kanisa lina haki ya kuyabeba pamoja nami. Habari ya mteja ni ya mteja. Anayeruhusiwa kuisikia ni mtu aliyefungwa na kiapo kilekile kilichonifunga mimi, na hata yeye anaipata bila jina, bila mtaa, bila kitu chochote cha kumtambulisha.

Baada ya pale nilitaka kufunga ofisi. Aliyenizuia ni muuguzi mstaafu wa wagonjwa wa akili, mama wa makamo ya mama yangu. Nilimfuata nyumbani kwake Nyegezi bila hata kujua nikamwombe nini. Nikamwamkia, akaniitikia, akaniwekea chai, akasubiri. Nilipomaliza kulia akanisimulia ya Mei 1996, MV Bukoba ilipozama karibu kabisa na Mwanza na mamia ya watu wakafa. Alikuwa kazini siku zile miili ilipokuwa ikiletwa, akashiriki na mazishi ya pamoja kule Igoma. Akaniambia, "Tulizika, tukanawa mikono, tukarudi zamu. Hakuna aliyetuuliza sisi tunalalaje." Alikaa miaka hawezi kupanda chombo cha majini, hata pantoni ya Kamanga, na hakuwa akijua kwamba ni kwa ajili ya zile siku. Kwa hiyo alinikubali. Nikawa naenda kwake kila baada ya wiki mbili, namweleza kesi, ananiuliza maswali, ananionyesha mahali nilipojiingiza mno. Wataalamu wanaita usimamizi wa kitaaluma. Mimi mpaka leo namwita mama yangu wa kazi. Nikiulizwa nikupe jambo moja tu, ni hili: kabla hujatafuta kikundi, tafuta mtu mmoja aliyekutangulia, umlipe hata kama ni kidogo, na usikose siku yake. Wauguzi na madaktari wa akili waliostaafu wapo mjini hapa, na wengi hakuna anayewabishia hodi.

Yeye ndiye aliyetukutanisha wanne. Tunakaa Jumamosi ya kwanza ya mwezi sebuleni kwake. Mmoja anatoka ng'ambo, Sengerema. Zamani kikao chetu kilikuwa kinaongozwa na foleni ya pantoni, saa tisa ikifika macho yake yako mlangoni. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 anakaa mpaka chai ya jioni, na mambo mazito mara nyingi ndiyo yanatoka saa hizo, watu wakishavua koti. Mwingine ni Mwislamu, na hili nalisema kwa sababu umeuliza habari za jumuiya ya Kikristo. Nilidhani nitajibana mbele yake. Yeye ndiye aliyeniambia nisiifiche imani yangu kama kosa, kwa sababu naye hufunga, huswali, na anajua ilivyo mtu kutegemea Mungu halafu akaingia chumbani kusikiliza mambo ya kutisha. Wakati watu wawili wa kanisa langu wananiuliza kwa nini sitoi huduma bure, yeye alinifundisha kutenga nafasi mbili kwa wiki za wasio na uwezo na kulipisha zilizobaki bila kuona haya.

Sebuleni pale tuna desturi mbili. Kesi haiandikwi kwenye WhatsApp, hata kwa mafumbo, kwa sababu simu huibiwa na watoto huzichezea. Na anayeleta kesi anaanza na yeye mwenyewe: umelalaje, umekula, uligombana na nani. Mara nyingine tunaishia hapo hapo, kesi yenyewe hatuifikii. Tuna na kikoba chetu kidogo. Wenye nyumba wa hapa wanavyodai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, wewe unajua. Mwaka ambao wateja walikatika kwangu miezi miwili, kikoba ndicho kilichoinusuru ofisi, na sikuwahi kuhisi msaada wa kiroho kuliko siku ile mhazini aliponitumia fedha kwenye simu na kuandika "kodi, usiwaze".

Na maombi? Sikuyaacha. Nina mama wawili wa kanisani ninaoomba nao Jumatatu alfajiri. Niliwaeleza wazi yaliyotokea. Sasa nikifika nasema tu, "Leo nina mzigo." Hawaulizi. Mmoja wao, mama mtu mzima asiyejua hata kusoma, alinijibu mara ya kwanza: "Mungu anamjua jina, sisi hatulihitaji." Wananiwekea mikono kichwani, wanaomba kwa Kisukuma, na mimi nusu ya maneno siyaelewi kwa sababu si mtu wa huku. Naondoka nimepona bila kumtaja mtu.

Wachungaji usiwaogope, lakini usiwafuate na vipeperushi. Mchungaji wa karibu na ofisi yangu nilimtembelea mara tatu kabla sijamweleza ninachofanya, nilikuwa namsikiliza yeye tu, kwa sababu naye anaamshwa usiku na misiba na ndoa za watu na hana wa kumwambia. Siku hizi akiletewa kijana asiyelala siku nne na anayesikia sauti, hamuanzishii mfungo. Anamwombea, kisha ananipigia, na mimi nawaelekeza hospitali ya Bugando wakaonane na daktari wa akili, kwa sababu hiyo si kesi ya kuzungumza peke yake na njaa inaweza kumzidishia. Nami akija mtu ambaye swali lake hasa ni toba, namrudisha kwake. Imetuchukua miaka kufika hapo.

Lililobaki ni kukutana na mteja kanisani, maana uligusia kwaya. Kwangu anakuwepo sauti ya pili mtu anayenijua kwa machozi yake. Kwenye kikao cha kwanza kabisa mwambie: tukikutana nje sitakuanza mimi, ukinisalimia nitaitika kama mtu yeyote. Na usikubali kumhudumia mtu mnayekaa naye kamati moja, mpeleke kwa mwenzako. Hiyo ndiyo faida nyingine ya kuwa na wenzako.

Sebule ya Nyegezi ina kiti cha tano. Niliwauliza wenzangu jana usiku kabla sijaandika haya, wamekubali. Niandikie faragha nikuelekeze njia kutoka stendi. Njoo Jumamosi ya kwanza saa sita mchana, na ukija na daftari lako la wateja, liache kwenye begi. Siku ya kwanza tutakusikiliza wewe.